Ngazi Saba Ndani ya Kioo

Mlinzi wa loji alimwambia Veronika avue ndala, azigonganishe zidondoshe tope, kisha afungue ndoo aonyeshe kilichomo. Kilichomo kilikuwa udongo. Mlinzi akachomeka fimbo, akakoroga, akaikagua ncha ya fimbo kama daktari, akaandika kwenye daftari: udongo, ndoo moja. Halafu akamwelekeza geti la jikoni, kwa sababu geti la mbele ni la wageni. Na hilo geti la mbele lilikuwa limekaa katikati ya njia ambayo Veronika aliipita kwenda kuchota maji tangu wiki aliyoolewa, miaka kumi na tisa iliyopita. Leo anaonyeshwa pa kupita na mtu aliyefika hapa Kemambo mwezi wa tatu. Akazunguka.

Hakuja kugombana, alikuja kazini. Aliyemwita ni Ashiraf, fundi wa vioo na aluminiamu kutoka Tarime mjini, mtu wa madirisha na makabati ya maduka ya dawa. Loji ilikuwa imempa kazi ya tangi la samaki la mapokezi, urefu mita tatu, ndani yake wawekwe samaki wa Mto Mara na kila kitu kionekane kama kilivyo mtoni. Kioo alikiweza. Ukuta wa nyuma ndio uliomtoa jasho. Alibandika yale maboksi meupe mepesi ya kusafirishia minofu ya samaki, akayachonga kwa kisu, akayapaka simenti, akasimama mbali kuangalia. Alikuwa ametengeneza ukuta wa choo.

Si yeye aliyesema hivyo. Alisema Judith, mtaalamu wa samaki aliyeletwa kutoka Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, dada mrefu asiyepoteza maneno.

"Fundi, hii ni ukuta ya choo," alimwambia. "Hii kazi inaitwa baiotopu. Maana yake mtu wa hapa akiangalia aseme, hii ni mto yetu. Mawe ya hapo, mizizi ya hapo, samaki wa hapo. Usiongeze kitu, usitoe kitu."

Ashiraf akaenda kuuliza kwa watu nani anajua kuupa ukuta sura. Kila aliyemuuliza alimtajia mwanamke mmoja, Veronika mke wa Simioni, ambaye nyumba yake ya udongo ilisimamisha pikipiki barabarani. Kwa Wakurya kukandika nyumba ni kazi ya mwanamke, na Veronika hakukandika tu. Alitia majivu hapa, udongo mwekundu pale, akavuta mistari kwa gunzi la hindi mpaka ukuta ukaonekana una ngozi.

Judith alimpa picha. "Fuata hii," alisema. "Nimeitoa kwa faili ya ofisi."

Veronika aliitazama. Ulikuwa ukingo wa mto, jiwe bapa la kufulia, mkuyu ulioinama. Nyuma ya picha pameandikwa kwa kalamu: ukingo wa mto, kabla ya ujenzi.

"Hapa ni kwetu," alisema.

"Basi vizuri," Judith akajibu, akiwa tayari ameinamia mabomba yake. "Unaijua."

Judith alikuwa mgeni, hakujua alichokishika. Tangu uzio uwekwe, mwaka wa pili sasa, wanawake wa kitongoji walikuwa wanachota kwenye lambo, maji ambayo ng'ombe wameyakanyaga na kuyakojolea kabla jua halijachomoza. Walilalamika kwenye baraza la ardhi la kata. Loji ikajibu kwa barua yenye mhuri kwamba hapo mtoni hapajawahi kuwa na njia wala mahali pa kuchotea, palikuwa pori tupu. Mwenyekiti wa baraza, Mwalimu Nashoni, alisikiliza mashahidi kumi na mmoja wa kitongoji, akavua miwani. "Nyote mna kiu ya jambo moja," alisema. "Nileteeni ushahidi usiotoka kwenu." Watatoa wapi? Nani mwingine alikuwa anachota maji yao?

*

Kazi ilimchukua siku tisa. Veronika aliyachonga maboksi upya kwa kisu cha jikoni, tabaka juu ya tabaka, na Ashiraf akapitisha moto wa gesi juu juu mpaka uso ukavimba vipele kama mwamba. Wakapaka simenti nyembamba mara tatu, kila mara kabla ile ya chini haijakauka kabisa. Simenti ya mwisho Veronika aliichanganya na udongo wa kwao, akaitengeneza kwa vidole na gunzi. Mizizi ya mkuyu ilichemshwa kwenye pipa siku nzima isije ikapaka maji rangi. Ashiraf, ambaye alizoea kuwatuma watu, alijikuta anatumwa.

"Mama, hapa pameisha?"

"Hapajaisha. Mto hauna kona kali hivyo. Maji yamepita hapo tangu enzi za babu zako, yangeacha kona?"

Upande wa kushoto ulikoshuka mkuyu, mikono yake ilifanya yenyewe. Ilichonga ngazi. Kwenye picha zilikuwepo, zimefifia kidogo kwa majani, lakini hata zisingekuwepo angezichonga, maana kwake ukingo usio na ngazi ni ukingo ambao haujaisha, kama nyumba isiyo na kizingiti. Alichonga saba. Ya nne aliifanya nyembamba. Wala hakufikiri chochote. Alikuwa anawaza ugali wa jioni.

Kabla ya samaki kuingia, tangi lilipaswa kujazwa na kumwagwa mara tatu ili ukali wa simenti utoke. Lita elfu na mia mbili kila mara. Pampu ilivuta mtoni, tangi likajaa, likakaa siku, Ashiraf akafungua bomba na maji yakatoka nje kupitia mpira mweusi kwenda kwenye majani ya bustani. Veronika alisimama kwenye baraza akiyatazama yanavyokwenda. Nyumbani mama mkwe wake, Gati, alikuwa amelala siku ya nne kwa tumbo la maji ya lambo, mama aliyekunywa mto huu miaka sabini bila kuumwa.

Meneja alipita. Aliitwa Athanas, nguo zake zimepigwa pasi mpaka soksi, kama pasi inafika huko.

"Shikamoo, bosi," Veronika alisema, ingawa alimzidi umri. Shida ya maji hiyo.

"Marahaba."

"Naomba haya maji yanayomwagwa. Ya kunywa hayafai, najua, yana simenti. Lakini yanafua, yanaosha vyombo. Wenzangu wanaweza kuja na madumu hapo getini, dakika kumi tu."

Athanas alitabasamu kwa upole, na upole huo ndio uliouma. "Mama, wageni wakiona foleni ya madumu watadhani eneo hili lina shida ya maji."

"Si lina shida?"

"Sisi hatuna," alisema, akaenda zake.

Maji yakaendelea kutoka. Lita elfu na mia mbili, kisha elfu na mia mbili nyingine, kisha nyingine. Waliosema maji yakimwagika hayazoleki hawakusema yanayomwagwa makusudi mbele ya mwenye kiu yanaitwaje. Majani ya loji yalishiba mpaka yakaota uyoga.

*

Jumatatu Athanas aliitwa kuja kuona kazi. Alifika na simu tayari kwa kupiga picha. Alisifu mwamba, akasifu mizizi, akagonga kioo kwa kucha. Halafu macho yake yakafika upande wa kushoto, yakakaa hapo, na simu ikashuka taratibu.

"Hizi ni nini?"

"Ngazi," Veronika alisema.

"Nani alikuambia uweke ngazi?"

"Zipo."

"Hazipo," Athanas alisema haraka. "Huu ni mto wa asili. Asili haina ngazi. Judith, wewe si ndiye mtaalamu? Mwambie."

Judith aliinua mabega. "Kwa picha ziko. Mimi nilimwambia afuate picha."

Uso wa Athanas ulibadilika, na hapo ndipo Veronika alipoelewa. Si siku tisa alizokuwa anachonga. Ni sasa, kwa kuona hofu ya mtu mwingine. Mtu hawezi kuogopa ngazi ya urefu wa kidole. Alhamisi baraza la kata lilikuwa linakuja kukagua eneo, na hapa mapokezi, mahali ambapo kila mgeni husimama, loji yenyewe ilikuwa imejisimamishia shahidi wa saruji.

"Zizibwe," Athanas alisema. "Kabla ya Alhamisi."

"Simenti hapana," Judith akakata. "Samaki wanaingia keshokutwa. Ukiweka simenti mpya wote watakufa."

"Basi weka chochote. Udongo, chochote, mradi zisionekane."

Alimvuta Veronika pembeni, sauti ikawa ya ndugu. Nyumba kumi na nne za wageni zinataka kukandikwa upya kwa mtindo wa kienyeji, kazi ya mwaka mzima, yake peke yake. Na kuanzia kesho ataruhusiwa kuchukua madumu mawili ya maji safi, kila siku, geti la jikoni. Yake tu, kwa siri. "Nimesikia mama yako anaumwa," alimalizia.

*

"Madumu mawili yanatutosha," Simioni alisema nyumbani. Alikuwa mume mwema aliyechoka. "Wewe, mimi, mama. Mengine ni ya baraza. Mwenye nguvu mpishe."

"Na mke wa jirani akiniona nimejitwika dumu safi akaniuliza nimelitoa wapi?"

"Sema umenunua."

"Kwa nani? Maji yetu yanauzwa?"

Kutoka kitandani Gati alijikongoja akakaa, akajifunga khanga kiunoni. Alikuwa amekonda mpaka bangili zinamteleza.

"Ngazi ulichonga ngapi?" aliuliza.

"Saba, mama."

"Ya nne?"

"Nyembamba."

Gati alitikisa kichwa akiridhika, kana kwamba ndilo jambo pekee lililokuwa halijajulikana. "Nilizichimba mimi na mama Waitara, mimba ya Simioni ikiwa tumboni. Baba yake alitaka kuukata ule mzizi unaoibana ya nne nikamkatalia, ndio unaoshika ukingo." Akapumua. "Sasa wanasema hatukuwepo. Mtu anakunyang'anya ng'ombe, sawa, ni mwizi, tunamjua. Lakini anayesema hukuwahi kuwa na ng'ombe, huyo tumwiteje?"

Baadaye Gati aliuliza tena, kwa sauti ya mtu anayezungumzia upishi.

"Wamesema uzibe kwa udongo?"

"Udongo, au chochote."

"Udongo mtupu, bila samadi wala majivu, haukai."

"Najua, mama."

"Basi lala. Kesho kazi."

*

Jumanne mlinzi alichomeka fimbo kwenye ndoo, akaandika: udongo, ndoo moja. Ulikuwa udongo wa kichuguu, laini, mzuri wa rangi, bila simenti wala samadi hata chembe. Ashiraf alichungulia ndani ya ndoo. Ni fundi, alijua udongo mtupu ukikutana na maji yanayotembea unafanya nini. Akamtazama Veronika, akatazama mlango wa ofisi ya meneja, akakohoa.

"Mama, hukwaruzi kwanza ushike?"

"Nimeambiwa kuziba, baba. Sikuambiwa kukwaruza."

Ashiraf akachukua kitambaa, akaenda kufuta kioo kilichokuwa hakina alama yoyote. Aliifuta kona ileile mpaka Veronika alipomaliza. Ngazi saba zikawa ukingo laini, mzuri, ambao hakuna mwanadamu aliyewahi kuukanyaga. Athanas alikuja akautazama, akampiga Veronika begani. Mkono wake ulinukia sabuni.

Maji yalijazwa polepole. Jumatano Judith akaingiza samaki, ningu wadogo, furu na kambare mmoja mwenye sharubu, akaacha pampu ya mkondo ikiwa imezimwa ili wazoee. Jioni ile, kama ile ya Jumanne, Veronika hakuyafuata madumu yake mawili.

*

Alhamisi baraza lilifika saa nne. Mwalimu Nashoni alitangulia na faili kwapani, wajumbe watatu nyuma yake, na walalamikaji wawili waliowakilisha kitongoji: Gati juu ya fimbo yake, na Veronika akimshika mkono. Siku hiyo waliingia kwa geti la mbele. Mlinzi alitaka kuwaambia wavue ndala, Mwalimu Nashoni akamtazama tu.

Athanas hakutaka waende mtoni upesi. Aliwakalisha mapokezi, akaagiza soda. Gati alipewa soda, akaomba maji. Yakaletwa kwenye glasi yenye barafu na kipande cha limao, naye akaishika glasi ile kwa mikono miwili bila kunywa, akiitazama.

"Mwenyekiti," Athanas alianza, amesimama mbele ya tangi, "kabla hatujashuka, naomba muone jinsi tunavyouheshimu mto huu. Hiki mnachokiona ni ukingo wetu hapo chini, kama ulivyokuwa kabla ya mkono wa mtu kuugusa. Hatukubuni. Tumefuata picha halisi ya mahali penyewe, jiwe kwa jiwe. Hakuna kilichoongezwa, hakuna kilichotolewa. Au sio, Judith?"

"Ilitakiwa iwe hivyo," Judith alisema.

"Washa mkondo, waone mto unavyotembea."

Judith akabonyeza. Maji yakatikisika, mizizi ikacheza, samaki wakageuka wote kuelekea mkondo kama wafanyavyo mtoni. Wajumbe wakasogea. Kwa muda kidogo ilikuwa nzuri tu, hata Veronika aliiona ni nzuri, na akaona fahari ya kazi yake. Kisha upande wa kushoto ukaanza kutoa moshi. Ulikuwa udongo. Wingu jembamba, la rangi ya chai, likavutwa na mkondo. Bonge moja likateleza likaenda chini. Kambare alilifuata akalinusa.

"Zima," Athanas alisema. "Judith, zima."

Judith alikuwa ameinama karibu na kioo, anatazama kama mtu anayesoma. Hakuzima. Bonge la pili likadondoka, na la tatu, na wingu likasogea kulia polepole likaenda kwenye chujio. Ngazi ya juu ikatokea, kisha iliyofuata, moja moja, zikashuka mpaka kwenye jiwe bapa la kufulia.

Pampu ilikuwa inanguruma.

"Mama Gati," Mwalimu Nashoni alisema hatimaye, "naomba ugeuke, utazame mlangoni. Huko mtoni unakosema mlikuwa mnachota. Mlishukaje?"

"Kwa ngazi, mwalimu."

"Ngapi?"

"Saba. Ya nne nyembamba, inabeba kisigino tu. Kuna mzizi."

Mwalimu akatoa kalamu mfukoni, akahesabu juu ya kioo, tik, tik, tik. Kwenye ya nne kalamu ilisimama. Akaendelea mpaka saba.

"Hiyo ni sanaa tu, mwenyekiti," Athanas alisema. "Huyu mama fundi ana maslahi, amejichongea anachotaka. Ni wizi huu."

"Umesema hivi punde hakuna kilichoongezwa. Hiyo picha iko wapi?"

Athanas alikuwa anasema kwamba picha imepotea wakati Judith alipolifungua begi lake. Aliiweka mezani, kati ya chupa za soda. "Ni ya faili ya ofisi," alisema. "Nyuma imeandikwa." Mwalimu Nashoni aliigeuza, akasoma kwa sauti: ukingo wa mto, kabla ya ujenzi. Akairudisha upande wa picha, akavaa miwani vizuri, akaitazama muda mrefu sana. Halafu akaiweka kwenye faili lake, na Athanas hakuthubutu kunyoosha mkono.

"Sasa tushuke," alisema.

*

Walishuka. Veronika alikuwa hajafika hapo kwa mwaka na nusu, na alipofika alidhani wamekosea njia. Mkuyu ulikuwepo. Jiwe la kufulia lilikuwepo, limewekewa viti viwili vya wageni. Lakini ukingo ulikuwa umelainishwa kwa mashine na kupandwa majani, mteremko mmoja wa kijani toka juu mpaka chini, umenyweshwa vizuri. Ngazi hazikuwepo. Dunia nzima zilikuwa zimebaki mahali pamoja tu, nyuma ya kioo, na kambare akizinusa.

Gati alisimama juu ya majani. Hakulia. Midomo yake tu ndiyo iliyotembea, kama anahesabu.

"Tulisawazisha," Athanas alisema, "kwa usalama wa wageni."

"Mlisawazisha nini," Mwalimu Nashoni aliuliza, "kama hapakuwa na kitu?"

Athanas alitazama saa yake. Mwalimu akaandika, akawapa wajumbe watie sahihi, akafunga faili. Akasema baraza limeona, litakaa, na uamuzi utasomwa baada ya wiki mbili. Alisema vizuri, kwa heshima, kama sheria inavyotaka. Wiki mbili. Veronika alizihesabu kwa madumu ya lambo, akamtazama mama mkwe wake juu ya fimbo yake.

Jembe la mtunza bustani lilikuwa limeegemea mkuyu. Akalichukua.

"Mama, hayo majani yameagizwa Arusha," Athanas alisema.

Veronika alipiga jembe la kwanza. Bamba la majani likainuka na mizizi yake, chini yake udongo mwekundu, uleule.

"Mama Veronika," Mwalimu Nashoni alisema, lakini hakusogea, "baraza halijaamua."

"Nimesikia, mwalimu. Baraza liamue. Mimi namchotea mama maji."

Akapiga tena. Mlinzi alikuja anakimbia, akamkuta mwenyekiti wa baraza amesimama njiani na faili lake, hakujua pa kupitia. Ashiraf alishuka kutoka mapokezi, ameshika ile ndoo ya udongo ya Veronika. Alikuwa ameiosha. Akaiweka chini karibu na Gati, akasema shikamoo, akakaa kwenye kiti cha mgeni kama mtu anayesubiri kazi iishe.

Ngazi ya kwanza ilitoka, ikatoka ya pili, mikono inajua kipimo chake. Kwenye ya tatu Gati aliinua fimbo.

"Taratibu hapo," alisema. "Inayofuata usiipanue. Mzizi bado upo."